Programu za kuweka kumbukumbu za usomaji: tuache kutazama wastani wa nyota, tutafute wasomaji

Mleta uzi

Wakuu, mara nyingi nimeona watu wakiuliza ni programu gani iliyo bora ya kuweka kumbukumbu za vitabu walivyosoma na kupata mapendekezo ya vitabu vipya, na mara nyingi huishia kutajiwa majina matatu manne bila maelezo. Naomba nilieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu naona linastahili.

Programu hizi hufanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutunza kumbukumbu: ulisoma nini, lini, na ulikionaje. Ya pili ni kukukutanisha na kitabu ambacho usingekifahamu. Kazi ya kwanza karibu zote huifanya vizuri, na hata ile yenye sura ya kizamani itakutosha. Kazi ya pili nyingi huifanya vibaya, kwa sababu zimejengwa juu ya wastani wa nyota, yaani alama ambazo wasomaji hukipa kitabu, na umaarufu wa kitabu, ilhali anayemfikisha msomaji kwenye kitabu kinachomfaa ni msomaji mwingine mwenye ladha inayokaribiana na yake.

Kwa walio wapya katika mambo haya, LibraryThing ilifunguliwa na Tim Spalding Agosti 2005 ili mtu aweze kuorodhesha vitabu vyake vya nyumbani kwa utaratibu uleule ambao maktaba huorodhesha vyake. Mwaka huohuo nchini China ilianza Douban, ambayo inajumuisha pia filamu na muziki. Goodreads ya Otis Chandler na Elizabeth Khuri Chandler ilifuata Januari 2007, na 2013 ikanunuliwa na Amazon. Amazon hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuinunua Shelfari, programu nyingine ya aina hii, mwaka 2008, kisha 2016 ikaifunga na kuwataka watumiaji wake wahamie Goodreads. The StoryGraph ilianzishwa 2019 na Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa Uingereza, ambaye kwa muda mrefu aliijenga kwa sehemu kubwa akiwa peke yake, jambo ninaloliheshimu sana.

Sasa nije kwenye nyota. Goodreads hukupa nyota 1 hadi 5, nzima tu, bila nusu. Kitabu kilichokupendeza kiasi na kitabu kilichokupendeza sana bila kukuacha hoi vyote viwili huishia kwenye nyota 4. Lakini hata ukiongeza nusu na robo, kama ilivyo kwenye The StoryGraph, tatizo kubwa linabaki palepale. Watu hawachagui vitabu kwa kufumba macho. Huchagua vile wanavyotarajia kuvipenda, na wengi wasiovipenda huviacha njiani bila kuweka alama yoyote, kwa hiyo wanaobaki kupiga kura ni wale ambao tayari walikuwa upande wa kitabu. Ndiyo maana vitabu vingi hujikuta vimesongamana kati ya nyota 3.5 na 4.3, na msomaji anayekiacha cha 3.8 akachukua cha 4.1 anafuata tofauti ambayo haina habari yoyote ndani yake. Tazameni pia misururu ya riwaya: mara nyingi kitabu cha tatu huwa na wastani mkubwa kuliko cha kwanza, si kwa sababu mwandishi ameimarika, bali kwa sababu wasiovutiwa waliishia kwenye cha kwanza na hawakufika kwenye cha tatu kukipigia kura. Wastani wa saizi za viatu vya watu elfu moja hauwezi kukuambia uvae kiatu gani.

Kuna utafiti ninaoupenda sana katika jambo hili. Mwaka 2014 Balázs Kovács na Amanda Sharkey walichapisha uchunguzi wa maoni ya wasomaji wa Goodreads kuhusu vitabu 64 ambavyo vilishinda tuzo kubwa, au viliingia tu kwenye orodha ya mwisho ya kuwania tuzo hizo, kati ya 2007 na 2011. Waligundua kwamba baada ya kitabu kushinda, alama zake hushuka ikilinganishwa na kile kilichokosa ushindi. Sababu yake ndiyo yenye mafunzo: tuzo huwaleta watu ambao kitabu kile hakikuwa cha aina yao, wanakisoma kwa ajili ya sifa zake, hakiwaingii, nao wanakipa nyota chache. Kitabu ni kilekile, hakuna hata nukta iliyobadilika, ila waliokisoma wamebadilika. Basi wastani wa nyota unatueleza ni nani waliokisoma kitabu kuliko unavyotueleza kitabu chenyewe.

Na wakati mwingine hautuelezi hata hilo. Juni 2023 mwandishi wa Marekani Elizabeth Gilbert alisitisha kuchapisha riwaya yake ambayo hadithi yake ilitokea Urusi, baada ya ukurasa wake wa Goodreads kujazwa mamia ya alama za nyota moja na watu waliokuwa wakipinga suala hilo wakati vita vya Ukraine vikiendelea. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu pingamizi lao, na mimi sitaki tuhamie huko, lakini kitabu kilikuwa bado hakijatoka na waliokipa alama hawakuwa wamekisoma.

Karibuni tuchangie.

Ukurasa wa Mwisho

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa uzi wenye kina. Kuhusu wastani wa nyota nakubaliana nawe moja kwa moja. Hata hivyo nadhani hukuzitendea haki programu hizi ulipofika kwenye mapendekezo. Ninavyofahamu, mapendekezo hayatolewi kwa kutazama wastani pekee. Mfumo hulinganisha alama nilizoweka mimi na alama za watumiaji wengine, huwatafuta wale tunaofanana, kisha huniletea vile walivyovipenda ambavyo mimi sijavisoma. Je, huko siko kumtafuta msomaji mwenye ladha inayokaribiana na yangu, kama unavyotaka wewe, tena kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuifikia?

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na nitaijibu kwa utaratibu.

Njia unayoieleza ipo na ni ya zamani. Tangu miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakiitumia kuchuja habari na barua pepe, na baadaye maduka ya mtandaoni yakaichukua. Kwenye bidhaa ambazo watu wananunua nyingi na kwa haraka hufanya kazi vizuri. Kitabu kina ugumu wake. Msomaji wa kawaida huweka alama kwenye vitabu vichache, na vitabu ambavyo wawili wasiojuana wamevisoma wote huwa ni vile ambavyo kila mtu amevisoma. Kwa hiyo kufanana kwenu kunapimwa kwa vitabu vilevile maarufu ambavyo haviwezi kuwatofautisha watu, na mfumo unarudi kukupendekezea vingine maarufu. Kitabu chenye wasomaji thelathini duniani kote hakina data za kutosha kujitokeza, hata kama wewe ndiye msomaji wake hasa.

Lakini hilo ni la kiufundi, na huenda likapungua. Linalonisumbua zaidi ni kwamba namba haibebi sababu. Chukulia wasomaji wawili wamekipa kitabu kimoja nyota 5. Mmoja alivutwa na lugha: sentensi ndefu, tamathali, mwendo wa polepole. Mwingine alivumilia hayo yote kwa sababu alitaka kujua nani muuaji. Kwenye hesabu ni mapacha, lakini kitabu kitakachofuata kumfurahisha mmoja kitamlaza usingizi mwenzake. The StoryGraph imelitambua hili, ndiyo maana humwuliza msomaji kitabu kilikuwa na hali gani ya moyo, kasi yake ilikuwa ya namna gani, na kama kilisukumwa na visa au na wahusika. Ni hatua nzuri, na kwangu ndiyo inayoifanya ipendekeze vizuri kuliko wenzake. Bado lakini maneno mawili ya mtu aliyekisoma kitabu kwa makini hunipa zaidi.

Njia ninayoitumia mimi ni ya kurudi nyuma. Nachukua kitabu nilichokipenda sana ambacho hakina wasomaji wengi, kwa sababu kile chenye wasomaji milioni hakitanichujia mtu. Nasoma maoni yaliyoandikwa chini yake, hasa ya nyota 3 na 4, kwa kuwa hapo ndipo watu hujieleza. Wa nyota 5 mara nyingi hushangilia tu, na wa nyota 1 hulalamika. Nikimpata aliyelitaja jambo lilelile lililonigusa, nafungua rafu zake, yaani orodha za vitabu vyake kwenye programu. Kisha, na hili ndilo watu wengi hawalifanyi, naangalia vitabu alivyovikataa. Mtu anayependa ninachokipenda anaweza kuwa anapenda kila kitu, lakini mtu anayekichoka kile kinachonichosha, na kwa sababu zilezile, huyo ni wa kumfuata. Ukipata watu watano au sita wa namna hiyo, hutahitaji tena ukurasa wa mapendekezo.

Msomi wa Usiku

Habari zenu wakuu. Nimeusoma uzi wote na ninaona jambo moja limeachwa, nalo ni lengo la mwaka. Goodreads iliweka changamoto yake ya usomaji kuanzia 2011, ambapo mtu hutangaza idadi ya vitabu anavyokusudia kuvisoma kabla mwaka haujaisha, na programu nyingine zikaiga. Najua kuna wasomaji wa zamani wanaolidharau jambo hili wakisema linaugeuza usomaji kuwa mashindano. Mimi nalitetea kwa dhati. Wapo watu ambao waliacha kabisa kusoma walipomaliza masomo, siku zao zikamezwa na kazi na simu, na kilichowarudisha kwenye kitabu ni kile kipimo kidogo kinachosema umefikia wapi na umebakiza vingapi. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia kwamba namba haina maana ni kumnyang'anya kitu pekee kilichomfanya afungue ukurasa.

Mleta uzi

Msomi wa Usiku, kwa mtu anayerejea kwenye usomaji nakubaliana nawe, na sitamshauri aiache. Wasiwasi wangu unaanza pale kuhesabu vitabu kunapoanza kuchagua vitabu. Riwaya ya kurasa 900 inahesabiwa moja, na kijitabu cha kurasa 90 kinahesabiwa moja. Ifikapo Novemba, mtu aliyebakiza vitano hatagusa kile kinene alichokitamani mwaka mzima. Atakiahirisha tena, na programu itampongeza. Vilevile atasita kurudia kitabu anachokipenda, na ataona hasara kukiacha kitabu kibaya katikati, hali hayo mawili ni haki ya msingi ya msomaji.

Kwa anayetaka kipimo, The StoryGraph inaruhusu lengo la kurasa au la saa badala ya idadi ya vitabu, na hapo kitabu kinene hakimwadhibu mtu. Inayo pia hali ya kuonyesha kwamba kitabu umekiacha bila kukimaliza, na rekodi hiyo ni ya thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani: baada ya muda, orodha ya ulivyoviacha hukueleza ladha yako waziwazi kuliko orodha ya ulivyovimaliza.

Msomi wa Usiku

Hilo la kurasa nimelipokea. La idadi ya vitabu bado nalishikilia, kwa kuwa kwa anayeanza, neno "kitabu kimoja" linamwingia kirahisi kuliko "kurasa elfu tatu". Tukubaliane kutokukubaliana hapo.

Rafu ya Juu

Naomba niingize upande wa katalogi, kwa sababu nimeshughulika na uorodheshaji wa vitabu na naona watu wakihangaika bure.

Wengi hulalamika kwamba kitabu chao hakipo kwenye programu. Mara nyingi kipo, ila kimeingizwa kwa njia nyingine. Tafuta kitabu kilichochapishwa mara kadhaa na utakutana na hali kama hii: ingizo la kwanza lina jina la mwandishi kwa ukamilifu na picha ya jalada jipya, la pili lina herufi za kwanza za majina yake, halina jalada, na idadi ya kurasa ni sifuri, la tatu limeunganisha jina la mwandishi na la mfasiri kana kwamba ni mtu mmoja. Maoni ya wasomaji yamegawanyika sehemu tatu, na anayefungua lile la pili atadhani kitabu hakijasomwa na mtu.

Chanzo chake ni ISBN, yaani namba za kimataifa za kutambulisha vitabu. Kila toleo lina namba yake, kwa hiyo jalada gumu, jalada laini na toleo la kielektroniki la kazi moja ni namba tatu. Tangu Januari 1, 2007 namba hizo zina tarakimu 13. Kabla yake zilikuwa 10, na vitabu vya kabla ya utaratibu huo kuenea miaka ya 1970 havina namba kabisa. Kwa hiyo ukiskani msimbopau usipate kitu, andika jina la kitabu, kisha jina la ukoo la mwandishi pekee. Ikishindikana, kiongeze mwenyewe. Kwenye Goodreads wapo watumiaji wa kujitolea waliopewa ruhusa ya kusahihisha na kuunganisha matoleo. LibraryThing huvuta taarifa kutoka kwenye katalogi za maktaba nyingi, ikiwemo Maktaba ya Bunge la Marekani. Na Open Library ya shirika la Internet Archive iko wazi kwa yeyote kuhariri, kwa kuwa nia yake tangu mwanzo ni kukipa kila kitabu ukurasa wake.

Hili linatuhusu sana sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Vitabu vya lugha yetu, hasa vya zamani, ndivyo vinavyokosa jalada, idadi ya kurasa na hata alama ya lugha. Ukiwa na nakala mkononi, jaza sehemu hizo: lugha, mwaka wa toleo kutoka ukurasa wa hakimiliki, mchapishaji, kurasa. Ni kazi ya dakika chache, na msomaji mwingine atakayekitafuta kitabu hicho atakikuta.

Mleta uzi

Rafu ya Juu, nashukuru sana, na nawaomba wote mlichukue hili la kuongeza vitabu vya Kiswahili kwa uzito. Hakuna mfumo unaoweza kupendekeza kitabu ambacho haujui kipo.

Kalamu Tulivu

Mimi nina hofu ya faragha. Orodha ya vitabu ninavyosoma inaweza kueleza ugonjwa wangu, imani yangu, hata matatizo ya ndoa yangu. Hizi programu zinafanya nini na habari hizo?

Mleta uzi

Hofu yako ina msingi, na wakutubi waliiona kabla yetu. Kanuni za maadili za Chama cha Maktaba cha Marekani za 1939 tayari zilimtaka mkutubi atunze siri za watumiaji wa maktaba. Programu hizi zimekuja na desturi iliyo kinyume: kuonyesha ndiyo hali ya kawaida, na kuficha ni jambo la kwenda kulitafuta kwenye mipangilio. Kwa hiyo, kabla hujaingiza kitabu cha kwanza, fungua mipangilio ya faragha uone nani anaona rafu zako, usitumie jina lako kamili, na usiruhusu programu isome orodha ya namba za simu yako. Vitabu vya mambo ya ndani sana viandike kwenye daftari. BookWyrm, programu nyingine ya aina hii, inaweza kukufaa pia: haina matangazo, haimilikiwi na kampuni moja, na ina seva nyingi zinazosimamiwa na jumuiya mbalimbali ambazo huwasiliana, hivyo unachagua unayemwamini.

Tukio la Fable, programu nyingine ya wasomaji, mwishoni mwa 2024 linaonyesha kwamba hatari haiishii kwa watu wanaokutazama. Programu hiyo ilitumia akili mnemba kuwaandikia watumiaji muhtasari wa usomaji wao wa mwaka, na baadhi wakakuta maneno ya kejeli kuhusu rangi au ulemavu, yaliyotokana na aina ya vitabu walivyosoma. Kampuni iliomba radhi na kuondoa huduma hiyo. Waliokuwa wameweka orodha ile waliiweka kwa ajili ya kumbukumbu na mazungumzo na wasomaji wenzao, na hawakuwa wameomba mashine iwaeleze wao ni watu wa namna gani.

Kalamu Tulivu

Nimekuelewa. Basi kwa mtu anayeanza leo, aanzie wapi?

Mleta uzi

Inategemea unachokitaka. Ukiwa na vitabu vingi vya karatasi na unataka katalogi yako, LibraryThing, ambayo tangu 2020 haina malipo. Ukitaka michoro ya usomaji wako, robo za nyota na tahadhari za maudhui, The StoryGraph. Ukitaka mahali penye maoni mengi ya kusoma, hata kama hutaandika yako, Goodreads bado haijapata mshindani kwa wingi.

Popote utakapokuwa, andika sentensi mbili kwa kila kitabu, na ziandikwe siku unayokimaliza au kukiacha. Nyota peke yake haitakukumbusha kitu. Mfano wa kumbukumbu inayofaa ni huu: "Nimekiacha ukurasa wa 140. Mazungumzo ya ndugu wawili ni ya kweli kabisa, lakini msimulizi anaeleza kila hisia baada ya kuionyesha, na nimechoka kuelezwa." Ukiyasoma maneno hayo baada ya miaka mitatu utajua kilichotokea, na mgeni akiyasoma leo atajua kama kitabu hicho ni chake, ingawa wewe hukukipenda.

Mwisho, tunza nakala. Watumiaji wa Shelfari waliona mahali pao pakifungwa, na Desemba 2020 Goodreads iliacha kuwapa watengenezaji wa nje funguo mpya za kufikia data zake, hivyo programu ndogo zilizotegemea mlango huo zikakwama. Kwenye tovuti ya Goodreads, ingia kwenye ukurasa wa vitabu vyako na utakuta sehemu ya kuingiza na kutoa data, nayo itakupa faili la CSV. Lifungue kwenye programu yoyote ya majedwali uhakikishe lina jina la kitabu, mwandishi, ISBN, alama uliyoweka, tarehe ya kumaliza na maoni uliyoandika. Faili hilohilo ndilo The StoryGraph na LibraryThing hulipokea ukiamua kuhama. Lihifadhi nje ya simu, na ulitoe upya kila baada ya miezi kadhaa.